Kama Una Hela ya Kununua X1 Tu, Bado Huna Hela ya X1

Kuna msanii mmoja hapa mjini, jina naliacha maana tunaheshimiana. BMW X1 yake nyeupe mnaijua wote. Mmeiona Coco Beach, mmeiona kwenye video, ameiegemea mpaka mlango umemzoea. Msichokijua ni kwamba gari hiyo ina miezi minne gereji, maeneo ya Sinza, boneti iko wazi na imefunikwa turubai la bluu. Picha anazoposti sasa hivi ni za mwaka jana. Mjini anatembelea Bajaji, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Sisemi hivi ili tumcheke. Nasema kwa sababu inboksi yangu imejaa watu wanaouliza swali moja: "Bro, nina milioni kadhaa, nivute X1 au nisivute?" Wengi wenu mna miaka ishirini na kitu, ndo mmeanza kushika hela, na X1 ndiyo gari ya kwanza yenye nembo ya heshima ambayo bei yake inafikika. Bei ya X1 iliyotumika inakaribiana kabisa na ya Harrier tako la nyani. Sasa nani atake kufanana na baba mwenye nyumba wake wakati kwa hela ileile anashika funguo ya BMW?

Ngoja niwape jibu langu, halafu mnipige mawe vizuri.

Kwanza ujue ni X1 ipi

Watu wanasema "X1" kana kwamba ni gari moja. Zinazozunguka sana hapa Bongo ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza inaitwa E84. Ilitoka 2009, ikafanyiwa marekebisho 2012, ikaishia 2015. Hii ni ndugu wa damu wa 3 Series ya kipindi kile. Boneti ndefu, umbo la chini, unakaa kama uko kwenye saluni iliyonyanyuliwa kidogo. Ya pili ni F48, ilianza 2015. Hii imenyanyuka zaidi, nyuma kuna nafasi ya maana, na chini kwa chini imechangia msingi na magari ya MINI. Buti ya E84 ni lita 420, ya F48 ni lita 505. Kama una mtoto na kigari chake cha kusukuma, hiyo tofauti utaijua siku ya kwanza tu.

Na hapa ndo madalali wanapowapiga chenga. Zote mbili zinaweza kuandikwa sDrive nyuma. Kwenye E84, sDrive maana yake tairi za nyuma ndo zinasukuma. Kwenye F48, sDrive maana yake tairi za mbele ndo zinavuta. Maandishi yaleyale, gari mbili tofauti. Ile ya xDrive ndiyo inayopeleka nguvu tairi zote nne. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni BMW halisi, inasukuma nyuma", muulize ya mwaka gani. Akianza kujiumauma, agana naye kwa amani.

Upande wa injini, twende taratibu. E84 za petroli za sDrive18i za mwanzo zina injini ya lita 2.0 isiyo na turbo. Haina mbio za kutisha lakini inaeleweka. Baadaye zikaja sDrive20i na xDrive20i zenye turbo, nguvu farasi 184, na giaboksi ya gia nane. Hizo ukikanyaga unatabasamu mwenyewe. F48 ya sDrive18i ya petroli ina injini ndogo ya lita 1.5 yenye silinda tatu. Ndiyo, BMW ya silinda tatu. Msishangae, inakwenda vizuri tu mjini.

Safari yetu ya yadi

Mwezi wa tatu dada mmoja rafiki yangu, anapamba maharusi, alinipigia simu. "Kaka, Jumamosi una nafasi? Nataka unisindikize nikachukue gari." Alikuwa na milioni 34. Miaka mitatu ya kuamka saa kumi usiku kuwapamba watu wanaokwenda kuolewa. Hela hiyo mwanzoni ilikuwa ya kufungua saluni ya pili. Katikati hapo akaamua anataka X1. Nikamwambia sawa, tunakwenda, ila fundi wangu tunambeba.

Yadini tukakuta E84 ya 2013, ina turbo, rangi ya dhahabu iliyokolea, imeoshwa mpaka tairi zinang'aa. Muuzaji anataka milioni 29. Dada akakaa kwenye usukani, akajipiga selfi moja, nikaona kabisa tumeshakwisha.

Fundi hakwenda kwenye kiti. Alikwenda mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama. "Hii imewashwa muda si mrefu." Muuzaji akasema, "Aa, tuliisogeza tu kidogo bosi, tupishe lori." Fundi akanyamaza. Wakati tunaondoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho turudi saa moja asubuhi. Usiwapigie simu."

Nieleze kwa nini. Injini ile ya turbo ya lita 2.0, jina lake N20, ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: viongozi vya plastiki vinavyoshikilia cheni ya taimingi vinachoka na kuvunjika. Vikivunjika, cheni inalegea, na cheni ikiruka unaweza kuaga injini nzima. Gari ikiwa ya moto huenda usisikie kitu. Ikiwa ya baridi, imelala usiku kucha, ukiwasha ndo inasema ukweli.

Kesho yake saa moja na dakika tano tukawa getini. Mlinzi akafungua, muuzaji hajafika. Kijana wa kuosha magari akatuwashia. Jamani. Ule mlio ulikuwa kama mtu anatikisa karanga kwenye kopo la bati. Muuzaji alivyofika mbio akakuta tumesimama tunasikiliza. Akasema, "Dada'angu, gari za Kijerumani ndo zinavyonguruma."

Dada alinyamaza mpaka tunafika Mwenge. Halafu akasema, "Yaani ningeichukua jana ile ile."

Vitu ambavyo X1 itakudai

Hapa sitaki kumtisha mtu. Nataka tu ujue hesabu kabla hujatoa hela.

Moja, tairi. X1 nyingi zilitoka kiwandani na tairi za ranflati. Uzuri wake ni kwamba ukipata pancha bado unaweza kwenda kilomita kama 80 kwa spidi isiyozidi 80. Ubaya wake ni kwamba kwa sababu hiyo nyingi hazina tairi la spea kabisa. Kwa hiyo mtu akishakubadilishia ranflati na kukuwekea tairi za kawaida za bei rahisi, halafu ukapata pancha Chalinze saa nne usiku, utakumbuka haya maneno yangu.

Mbili, betri. Kwenye gari nyingi unabadilisha betri pale pale barabarani kwa spana ya kumi. Kwenye BMW betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari ili ijue inachaji kitu kipya. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanalalamika betri za siku hizi ni feki.

Tatu, oili. Inataka oili ya sintetiki ya viwango vinavyokubaliwa na BMW, siyo ile ya kopo lolote. Na N20 haina kile kijiti cha kupimia oili. Unasoma kwenye skrini. Kama skrini ina taa ya njano na wewe umeamua kuizoea, injini haitakuzoea wewe.

Nne, uvujaji. Gasketi ya kifuniko cha valvu na ile ya mahali pa filta ya oili huwa zinachoka zikipigwa joto miaka mingi, na Dar joto tunalo. Pampu ya maji kwenye N20 ni ya umeme. Ikianza kufa haikupigii hodi mapema. Ukiona geji ya joto au ujumbe mwekundu, zima gari, weka pembeni. Usiseme "nafika tu hapo Morocco."

Tano, ile 18i isiyo na turbo nayo siyo malaika. Iache inaunguruma dakika kumi imesimama, halafu kanyaga mafuta mtu akiwa nyuma anaangalia bomba. Ukitoka moshi wa bluu, inakula oili, na kuitibu inamaanisha kufungua kichwa cha injini.

Sita, ya dizeli kutoka Uingereza. Namba za dashibodi zinaweza kuwa maili, siyo kilomita. Maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000, usije ukajipongeza. Na zile dizeli za E84 za lita 2.0 zina cheni iliyokaa nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Ikitaka kubadilishwa, siyo kazi ya nusu siku.

Saba, hili ni dogo lakini linaudhi. Nyingi zinatoka Japani na maelezo ya skrini ni Kijapani. Redio zake zimetengenezewa masafa ya kwao, kwa hiyo stesheni za juu ya 90 hazikamati mpaka ufanyiwe ujanja. Nimempanda mtu BMW anasikiliza stesheni ileile moja mwaka mzima kama yuko kwenye daladala ya dereva mbishi.

Na ukiagiza mwenyewe?

Wengine mnasema yadi wezi, naagiza mtandaoni. Sawa. Ila jua bei unayoiona pale mtandaoni siyo bei ya kuendesha gari Ubungo. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na katikati hapo kuna ushuru wa bidhaa. Injini ya cc 1,001 mpaka 2,000 ushuru huo ni asilimia 5, ikivuka 2,000 unakuwa 10. Ndo maana X1 ya lita 2.0 ina nafuu. Cc zake ni 1,995 au 1,997, imepita chini ya waya kabisa. Ile ya silinda sita, lita 3.0, imevuka.

Halafu kuna uchakavu. Gari ikishavuka miaka 8 tangu itengenezwe kuna nyongeza, ikivuka 10 nyongeza inapanda zaidi. E84 ya mwisho kabisa ni ya 2015. Piga hesabu mwenyewe. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, ingiza gari yako na uone kodi kabla hujatuma hata dola moja. Na uwaombe wauzaji karatasi ya mnada ya Japani. Ile karatasi inaonyesha daraja la gari na mahali ilipokwaruzwa au kugongwa. Muuzaji anayekupa picha hamsini za rimu lakini hana karatasi ya mnada anakuuzia rimu.

Usisahau bima. Gari ya hivi ukikatia ile bima ndogo tu ukaigonga, umebaki na funguo. Na bima kubwa inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kila mwaka.

Je, majirani zake?

Mercedes GLA ni nzuri kwa macho, lakini kimsingi ni A-Class iliyovaa viatu virefu kidogo. Iko chini, na giaboksi yake ya klachi mbili haipendi ule mwendo wetu wa foleni wa kusogea hatua tatu na kusimama. Audi Q3 ni tulivu, imetengenezwa vizuri ndani, ila kwa mafundi wanaoijua utahesabu vidole vya mkono mmoja. Evoque naomba tuiache, wenye nazo wanajijua na gereji zao zinawajua. Lexus NX ndiyo yenye akili kuliko zote hizi, kwa sababu ndani yake kuna damu ya Toyota, na ndiyo maana bei yake imekaa mbali na mifuko yetu.

Harrier? Harrier ya 2013 kuja juu ni gari bora zaidi kwa maisha ya Dar. Nimesema. Spea utazipata Ilala na Kariakoo mpaka uchague rangi. Fundi wa chini ya mwembe anaijua. Ukitaka kuiuza, inauzika. Lakini haikuendeshi kama X1. Ile E84 kwenye kona ya barabara nzuri, usukani mzito mkononi, tairi za nyuma zinakusukuma, ni raha ambayo Harrier haina na haitakuwa nayo. Sitawadanganya kwamba ni nembo tu. Ukishaiendesha unaelewa kwa nini watu wanaumia halafu wanarudi.

Kilichomtokea dada yetu

Wiki tatu baadaye alipata nyingine. 18i ya 2011, haina turbo, mwenye nayo ni mama mmoja mtu mzima wa Mikocheni ambaye ana risiti za sevisi kwenye bahasha. Tuliiwasha ya baridi, ikawa kimya. Tukaiacha inaunguruma, moshi hakuna. Fundi akachomeka mashine, yakatoka makosa mawili madogo. Milioni 22. Akalipa.

Miezi mitatu ya kwanza amekula milioni 3 na laki 1 za matengenezo: tairi nne, betri na usajili wake, gasketi ya kifuniko cha valvu, bushi za mbele, sevisi. Hakulia, kwa sababu hela ilikuwepo. Na hapo ndo penye hoja yangu yote. Yule msanii wa mwanzo alinunua gari ya hela yake yote. Siku pampu ilipogoma hakuwa na milioni moja ya kuitibu, akaendelea kuiendesha hivyohivyo "mpaka shoo ya Jumamosi". Shoo ya Jumamosi ikala injini. Gari zao zilitoka kiwanda kimoja. Mmoja alibakiza hela, mwingine hakubakiza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: chukua hela yote uliyonayo, toa robo, weka pembeni, isahau. Kinachobaki ndiyo bajeti yako ya X1. Kama hakitoshi, huna hela ya X1 bado, una hela ya IST safi, na IST siyo aibu. Kama kinatosha, na una fundi mwenye mashine anayejua BMW, na unapokaa kuna lami, chukua E84 isiyo na turbo iliyotunzwa au, ukiwa na hela zaidi, F48 ambayo umeikagua. Turbo ya kabla ya 2015 usiiguse kama huna ushahidi kwamba kazi ya cheni imeshafanyika. Ushahidi maana yake risiti, siyo "niamini kaka".

Nikiri kitu kimoja. Mimi nilimshauri afungue saluni kwanza, gari baadaye. Saluni ya pili mpaka leo haijafunguliwa. Juzi nikamkumbusha, akacheka. Akasema tangu aanze kushuka kwenye ile gari, kamati za harusi hazimwombi tena punguzo. Zamani alikuwa anashuka kwenye bodaboda na boksi la vipodozi, wanampangia bei wao. Sasa wanamuuliza bei yake. Nikamwambia hiyo ni bahati tu, na uzoefu wake umeongezeka. Akasema, "Kaka, wewe hujawahi kushuka bodaboda mbele ya mama mkwe wa mtu."

Sina jibu la hilo. Ninachojua ni kwamba mvua za masika zilipochanganya, alikuwa na bibi harusi Goba ndani ndani huko, kule lami inapoishia. Aliiacha X1 kwenye kituo cha mafuta, akampa mlinzi elfu tano, akapanda bodaboda na boksi lake la vipodozi mapajani.

Akafika kwa wakati. Bei haikupunguzwa.

Haya, wenye X1 na wenye Harrier, uwanja ni wenu. Tukaneni kwa adabu.